Sifa za Saiti Mira Iliyolegea

Washairi wa pwani wameusifu mnazi, wakalisifu jahazi, wakamsifu hata mpenzi aliyewakimbia. Saiti mira iliyolegea haijapata wa kuitungia ubeti. Nami niliye nayo kwenye Celica kuukuu naona ni dhuluma.

Sifa yake kuu ni adabu. Gari lenyewe lina ukoo wa kujivuna: kati ya 1984 na 1995 Celica ilishinda Safari Rally mara nane, na mwaka 1994 aliyekuwa kwenye usukani ni Mkenya, Ian Duncan. Ungedhani mtoto wa nyumba hiyo hamwamkii mtu. Wapi! Bodaboda ikipita, saiti mira yangu inatikisa kichwa: mambo. Daladala ikipita, inainama nusu: shikamoo. Likija lori la Tunduma na makontena yake, inajikunja yote mpaka inalala kwenye kioo cha mlango, na haiinuki mpaka niteremshe kioo niinyanyue kwa mkono. Lori halijawahi kuitikia marahaba. Nikifika kilomita 80 kwa saa, unaamkiwa upepo. Matuta nayo huamkiwa, na kwa wingi wa matuta yetu, hiyo ni kazi ya kutwa.

Sifa nyingine ni za kawaida tu: hainitishi kwa yanayonifuata, hunionyesha mawingu, na mwizi akiitikisa usiku huiacha kwa huruma.

Ugonjwa wenyewe ni mdogo. Shingoni mna springi nene inayoikandamiza saiti mira kwenye kitako chake. Springi ikichoka, au kishikizo chake kikilika, shingo inacheza. Unabandua kifuniko cha pembetatu ndani ya mlango, unafungua nati, unachomoa waya, unabadilisha springi, basi. Sasa nenda dukani ukaiombe hiyo springi.

"Haiuzwi peke yake, mzee. Chukua saiti mira nzima."

Nzima! Na mota yake, na kioo chake, na rangi isiyolingana na mlango. "Tena tunauza pea." Ya kushoto inaumwa nini?

Fundi wa chini ya mwembe ana dawa yake, supa gluu. Akishaigandisha haikunjiki tena, wakati iliwekewa kukunjika ili ikimgonga mtu imwachie. Lakini simlaumu sana fundi, hana springi. Nawalaumu waundaji wa magari, wanaoweka kitu cha kuchakaa halafu wakakataa kukiuza. Aliyekaa ofisini akaamua kwamba springi ikichoka ninunue mota isiyochoka, huyo hakufundishwa shikamoo kwao.

Ndugu zangu wauza spea, saiti mira zilizopasuka kioo mnazitupa. Zifungueni kwanza. Chomoeni springi, zitieni kwenye kopo, kopo liwekeni kaunta. Nitanunua mbili, moja ya akiba, na sitaomba kupunguziwa bei.