Mfalme Wangu Matembezini

Mtoto aliyenichapa Jumamosi kwenye mashindano ya sataranji alikuwa akila andazi. Hakuliweka chini hata pale mfalme wangu alipotoka ikulu kwa miguu.

Alinichezea ufunguzi wa Kiitaliano, ule ambao farasi na askofu wa upande mweupe wote wawili huukodolea macho mraba wa f7, usio na mlinzi ila mfalme mwenyewe. Nikasukuma kitunda d5 kumzibia askofu njia. Akakila. Nami nikakila chake kwa farasi, kama mtu yeyote mwenye adabu zake. Kumbe hapo ndipo mtego ulipo! Farasi wake akajitupa f7, akawatishia malkia na ngome yangu kwa mpigo mmoja. Usipomla, utapoteza mmojawapo. Ukimla kwa mfalme, malkia wake anatua f3, anamtishia mfalme na papo hapo anammezea mate farasi wako wa d5. Ukitaka kumwokoa farasi huyo, mfalme sharti apande e6, katikati ya uwanja, jeshi lake karibu lote likiwa bado limelala. Mchezaji Giulio Cesare Polerio alimfanyia mtu hivyo hivyo mjini Roma, mwaka 1610 hivi, na uzuri wa mtego huo unanisisimua ingawa maiti ni mimi. Dawa, badala ya kukila kile kitunda, ni kumpeleka farasi mwingine a5, pembeni kabisa, mahali ambapo vitabu vyote vinakukataza kumweka farasi.

Tena nilikalishwa nikitazamana na dirisha. Padri Ruy López wa Hispania, katika kitabu chake cha 1561, alishauri mpinzani akalishwe jua likimpiga machoni. Nashuku mtoto yule amekisoma.

Raundi ya pili muda uliniishia nikitafuta miwani. Ya tatu nilishinda, mpinzani hakufika.

Ila hili la ada linaniuma kweli. Mtu mzima analipa mara mbili ya mtoto, kisha anatupwa kundi moja na watoto wanaofundishwa kila jioni na mwalimu wa kulipwa. Sisi tulijifunzia chini ya mwembe, vizibo vya soda vikiwa ndio vitunda.

Waandaaji, tutengeeni watu wazima kundi letu, au basi mtutoze ada ya watoto.