Saa Zisizo na Ujira

Haraka haikuwako, kwa kuwa jiko lilikuwa likiwaka tangu enzi za mababu; hata mwaka 2021 Serikali ya Kenya, kwa mara ya kwanza, ikatuma makarani kuwauliza raia saa zao 24 wamezitumiaje, ikadhihirika kwamba wanawake hutoa asilimia 18.7 ya wakati wao katika ulezi na kazi za nyumbani bila ujira, na wanaume asilimia 3.6, yaani dakika zipatazo 52, nasi waungwana twastahili pongezi, maana sikudhani kungojea chai iletwe huchukua muda mrefu hivyo. Taabu ni ya karani: ataiandika wapi saa ile ambayo bibi asonga sima, mtoto mgongoni, sikio kwa mavyaa wake mgonjwa, na bwana, kwa adabu kamili, amjibia kutoka barazani kwamba mkewe hana kazi?