Sifa za Mizani Isemayo Uongo

Katika jumla ya viumbe na vyombo ambavyo waandishi wamevitungia sifa, sijapata kumwona aliyeikumbuka mizani mbovu ya kuning'iniza, ile ya dalali, iwafuatayo wakulima wa Jorodom na wa vilima vya Mbulu hadi penye maharage yao, mshale wake ukiwa umelala kilo 2 chini ya sifuri kabla haijatundikwa hata punje moja. Nami naona ni dhuluma kuinyima haki yake.

Fadhila yake kubwa ni uaminifu. Uitundikie gunia alfajiri au alasiri, la tajiri au la fakiri, itapunguza kilo zile zile 2, wala haina upendeleo. Vipimo vyake hushikamana kama ndugu wa tumbo moja, ijapokuwa vyote viko mbali na kweli. Mizani nyingine, ambayo springi yake imelegea, huzidisha kilo 3 sasa na kupunguza 3 baadaye, na dawa yake ni subira tu: ukipima mara 4 ukatwaa wastani, shaka hupungua kwa nusu, na ukipima mara 100 husalia sehemu moja ya kumi. Lakini mtukufu wetu, hata apimiwe mara elfu, hatetereki katika uongo wake; na aujuaye kiasi chake huongeza kilo 2, akaipata kweli.

Tena hufundisha hesabu. Gunia la kilo 100 likipimwa kwa mkupuo mmoja hupoteza kilo 2. Likigawanywa mafungu 5, kilo 10 zimekwenda, na ndiyo maana dalali hupenda kupima kidogo kidogo, kwa kuwahurumia wachukuzi, asema.

Wala isione haya, maana wakubwa wake pia hawakuafikiana. Mlima Hanang vitabu vingine huuandika mita 3,417 na vingine 3,420. Na Kilimanjaro, uliopimwa mita 5,895 mwaka 1952, ulipata 5,892 mwaka 1999 kwa msaada wa satelaiti, si kwa kuporomoka bali kwa kubadilika kwa vyombo na mbinu. Tofauti ni kwamba wataalamu huandika kando ya hesabu yao kiasi cha shaka waliyo nayo, ilhali mizani yetu, kwa unyenyekevu, hunyamaza.

Kwa hiyo nawasihi maafisa wa Wakala wa Vipimo, siku watakapoikuta haina muhuri wao, waishushe kwa taadhima na kuipeleka ikarekebishwe mshale. Mwenye mizani na afikishwe mbele ya hakimu.