Mpaka wa Shuka

Koboko, Uganda, ni mji wa mipaka: Kongo upande huu, Sudan Kusini upande ule. Lakini mpaka mgumu kuliko yote umo ndani ya chumba cha upasuaji, nao ni shuka lililotundikwa kifuani pa mgonjwa. Tumboni anatawala mpasuaji. Kichwani na kwenye pumzi anatawala mtu wa usingizi.

Mpasuaji analalamika misuli imekaza. Mwenzake anauliza damu yote hiyo inakwenda wapi. Wakianza kuitana “ndugu yangu”, ujue mambo yameharibika. Na kwa kuwa Uganda anayewapa wagonjwa usingizi mara nyingi ni ofisa wa usingizi, si daktari, mpasuaji hujivunia cheo chake. Ketamini, dawa ya usingizi, haijui cheo.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19. Kimojawapo kinataka timu ijitambulishe kwa majina na kazi. Hapa Koboko, ambako watu wanajuana hadi kwa bibi, wengine hucheka. Wacheke tu; mpasuaji na mtu wa usingizi hawajasalimiana tangu Jumatatu.

Mgonjwa naye, aliyechomwa sindano ya mgongo, yuko macho. Amesikia yote. Anauliza kwa upole kama gari la kwenda mji wa Arua limeshaondoka.