Pole Tatu za Kerneli

Betri ya kompyuta yangu ilikufa mwaka juzi na sijanunua nyingine. Inaishi kwa waya, kama mgonjwa wa dripu. Kompyuta ya namna hiyo haisasishwi kerneli usiku wa kuamkia kikao cha kamati ya harusi, hasa kama wewe ndiye mhazini na orodha ya michango, nani ametoa na nani anapiga chenga, imo humo humo.

Lakini kidirisha cha Ubuntu kilikuwa kimenisumbua wiki nzima. Nikaandika sudo apt upgrade, nikaweka nenosiri, nikajiegemeza kama rubani. (Linus Torvalds alipoitangaza Linux mwaka 1991 alisema ni ya kujifurahisha tu. Nami nilikuwa najifurahisha.) Mistari ikashuka: kerneli mpya imeingia, initrd imetengenezwa, GRUB inaorodhesha kerneli zilizopo. Sebuleni mke wangu alikuwa akipiga pasi kitenge cha kikao. Mita ya LUKU ilikuwa inalia tangu magharibi, nami nilishaijibu: nanunua sasa hivi.

Giza.

"Baba Asha, sasa hivi yako ndiyo hii?"

Nikanunua kwa simu, nikaingiza tarakimu 20 kwa mwanga wa tochi, nikakosea ya 17, nikaanza upya. Umeme uliporudi nikawasha kompyuta. Skrini nyeusi, maandishi meupe: kernel panic. Kerneli imepatwa na kiwewe, diski haioni.

Nikalitangazia kundi la WhatsApp la kamati kwamba orodha imo ndani ya marehemu. Pole zilimiminika. Ndugu mmoja, aliyeahidi laki mbili tangu Machi, alinipa pole tatu mfululizo, ya mwisho na maua.

Saa tano usiku nikampigia mpwa wangu.

"Mjomba, kerneli ya zamani hukuifuta?"

"Sijaigusa."

"Basi una bahati. Washa huku umeshika Shift."

Menyu ya GRUB ikatokea. Nikateremka hadi kwenye machaguo ya ziada, na huko chini nikamkuta yule mzee niliyekuwa nikimlalamikia kila siku kwamba anakula nafasi bure. Nikabonyeza. Kompyuta ikawaka kana kwamba haijui lililotokea.

Mpwa akanieleza kwamba umeme ulikatika GRUB ikiwa imeshaiandika kerneli mpya kwenye menyu, ilhali initrd, ile faili inayoisaidia kuifikia diski, ilikuwa imetengenezwa lakini yaliyomo hayajafika diskini, imebaki jina tu. Akaniamuru niangalie nafasi kwa df -h /boot, kwani hapo pakijaa initrd haikamiliki hata umeme ukiwepo. Kisha sudo dpkg --configure -a, kisha sudo update-initramfs -u -k all. Niliandika kwa kidole kimoja. Mkono mwingine ulikuwa umeshikilia waya wa chaji, usije ukachomoka.

Kesho yake nikaifungua orodha mbele ya wajumbe. Mwenye pole tatu akaitazama skrini, akaiweka soda yake chini taratibu.

"Kumbe ilipona?"