Muulize Shangazi: Nani Anabaki na Mtoto?

Niliomba barua za ndoa, nikaletewa za watoto. Sawa. Nitazijibu, ila tuelewane kwanza: Shangazi hakopeshi, haamui kesi ya mke na mume bila kuwasikiliza wote wawili, na hamtafutii mtu dada wa kazi. Wanaonipigia simu saa mbili usiku kuuliza kama sina “binti yeyote kutoka Kondoa” waache. Mimi ni mwandishi, si dalali.

*

*Shangazi shikamoo. Nina kichanga wa miezi miwili na nusu, na likizo yangu inaisha wiki ijayo. Mume wangu anataka tuchukue dada, kwa sababu atasaidia na kufua. Mama mkwe yuko Ngaramtoni. Anasema dei kea ni za watoto wasio na ndugu, lakini yeye mwenyewe hawezi kuja kwa sababu ana ng'ombe. Mimi nimependa kituo kimoja hapa Njiro chenye kamera: nitakuwa ofisini huku namwangalia mwanangu kwenye simu. Nani yuko sahihi?*
*Mama Kichanga, Njiro*

Marahaba mwanangu. Katika ukoo wenu wote, aliyepata mlezi wa uhakika ni ng'ombe.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 ukijifungua zaidi ya mmoja. Kliniki nao wanakuambia mtoto anyonye maziwa yako peke yake miezi sita. Miezi sita ni kama siku 180. Toa 84, zinabaki 96 ambazo ofisi inazitaka na mtoto anazitaka. Humo ndimo mnamogombania, wewe, mumeo na mama mkwe.

Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kila siku, ndani ya saa za kazi, akamnyonyeshe mwanawe. Zidai kwa maandishi siku ya kwanza ya kurudi, kabla hujaambiwa “tutaona”. Ukizipata, swali lako linabadilika. Hutauliza tena dada au kituo, utauliza mtoto awe wapi ili uweze kumfikia. Kituo kizuri cha Njiro hakikufai kama ofisi yako iko mjini Arusha, maana saa zako mbili zitaishia kwenye foleni ya mzunguko wa Impala na maziwa yakichuruzika kwenye blauzi. Tafuta kituo kilicho karibu na kazi. Ukikosa, basi dada, nyumbani, na maziwa uliyokamua.

Ukienda kukagua kituo, muulize mlezi: wewe peke yako una vichanga wangapi? Akianza kuhesabu kwa kidole, aga uondoke. Mtoto wa umri huo anahitaji mikono iliyo huru, na mikono haigawanyiki kwa sababu mwenye kituo ameongeza vitanda. Kuhusu kamera: itakuonyesha mtoto akilia. Kumbembeleza haiwezi, na wewe ukiwa kikaoni huwezi pia.

Mumeo ana siku tatu za likizo ya baba kisheria. Muulize alizitumia kufua nini.

*

*Shangazi, mambo vipi. Mimi naongoza watalii. Msimu ukichanganya naondoka siku nane, kumi, Serengeti na Ngorongoro, na mke wangu ni nesi wa zamu. Tunahitaji dada wa kuaminika. Awe anajua kupika, kufua, kupiga pasi, asiwe na simu, asiwe na mpenzi, aamke mapema, ajue Kiingereza kidogo cha kumfundisha mtoto, ampende kama wake, na asiende kwao Krismasi maana ndipo wageni wanapojaa. Tumepanga elfu hamsini. Wamepita wanne ndani ya mwaka mmoja. Mabinti wa siku hizi wana matatizo gani?*
*Chalii wa Chuga, Moshono*

Tatizo la mabinti wa siku hizi ni kwamba wanajua hesabu. Tuzifanye pamoja.

Elfu hamsini ugawe kwa siku thelathini ni shilingi 1,666. Binti anaamka saa kumi na moja alfajiri mke wako akiwahi zamu, na analala saa nne usiku vyombo vikikauka. Hizo ni saa kumi na saba. Kila saa inamlipa shilingi 98. Kijana anayekulindia gari pale Klokotawa ukimpa shilingi 98 atakurudishia, na usiku huo utakuta taa moja ya nyuma haipo. Sasa huyo unayemlipa hizo ndiye unayetaka ampende mwanao kama wake. Mkono mtupu haulambwi, chalii wangu.

Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri kuwa 60,000 kwa mwezi, na asiyelala kwako 120,000. Ulikuwa chini ya sheria kabla hata hujataja Kiingereza. Isitoshe, mfanyakazi ana haki ya saa 24 za mapumziko kila wiki na siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Umeandika “asiende kwao Krismasi”. Wewe wageni wako hulala saa ngapi, na huwapeleka kwa saa ngapi kwenye gari bila kuwasimamisha kuchimba dawa? Unajua kabisa binadamu huchoka. Unajua hivyo kwa dola.

Na suala la simu. Binti anayekaa na mtoto wako peke yake, mama yuko zamu na baba yuko mbali Serengeti, ndiye mtu wa kwanza anayestahili simu yenye salio katika nyumba hiyo. Mtoto akichemka homa saa tisa usiku atamwita nani, mpiga pasi?

Jambo la mwisho ni umri. Usije ukaletewa na dalali binti wa miaka kumi na miwili “aliyekomaa”. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kuajiri aliye chini ya miaka 14. Ukimchukua huyo utakuwa umeongeza mtoto wa pili nyumbani, na hukumpangia mlezi.

*

*Shangazi shikamoo. Nauza nyanya Soko la Kilombero. Mtoto wangu wa mwaka na nusu namwacha kwa bibi mmoja mtaani kwetu Unga Limited. Analea watoto kama kumi na wanne kwenye chumba na kibaraza, elfu moja kwa siku, uji ndani yake. Mteja wangu mmoja anayesomesha dei kea ya gari la njano aliniambia nimemtupa mtoto. Nimelala vibaya tangu siku hiyo.*
*Mama Nyanya*

Marahaba mama. Huyo mteja akija tena muuzie zilizopondeka.

Hukumtupa mtoto. Umemwacha kwa mtu unayemjua, mtaa unaoujua, kwa bei unayoiweza siku ambayo nyanya zimetoka. Mji huu unatembea asubuhi kwa sababu ya mabibi wa namna hiyo. Bila wao, soko lingefunguliwa saa nne, na nusu ya wauzaji wangekuwa na mtoto mgongoni. Lakini sifa hazilindi mtoto. Kesho fika pale saa nne asubuhi, bila kuaga, utazame mambo matatu.

La kwanza ni mikono. Watoto kumi na wanne na bibi mmoja ni wengi, hata bibi akiwa malaika. Akienda chooni, nani yuko na wanaotambaa?

La pili ni jiko. Juni na Julai baridi la mlima likishuka, mtu mwema kabisa huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango ili watoto wapate joto. Moshi wa mkaa unaoua hauonekani na haunuki. Jiko likae nje, na watoto wavae soksi.

La tatu, na hili watu wa mjini wanaona la kijijini, ni maji. Maji mengi yanayotoka chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na yapo maeneo huku kwetu, kuelekea Maji ya Chai na Ngarenanyuki, yanayopita hapo mbali. Meno ya kahawia unayoyaona kwa watu wazima hayakuharibika ukubwani. Yaliharibika yakiwa bado ndani ya fizi, mwenye nayo akiwa mtoto mdogo kama wako. Kuchemsha hakusaidii: floraidi haiondoki na mvuke, maji yanapungua na yenyewe inabaki. Muulize bibi maji ya uji anachota wapi, na kama makande analainisha kwa magadi, mwombe aache, maana magadi nayo yanaongeza. Swali hilo waulize hata wenye gari la njano; wengi hawajawahi kuulizwa.

Sasa fanya biashara unayoijua. Mko akina mama wangapi sokoni mnaompa bibi huyu watoto? Kila mmoja aongeze shilingi mia tatu kwa siku, mumlipe msaidizi. Kisha mpelekeni bibi kwa afisa ustawi wa jamii wa Jiji, maana kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinatakiwa kisajiliwe. Nendeni naye, msimshtaki. Akifungiwa, watoto kumi na wanne watarudi kukaa chini ya meza za nyanya.

*

*Shangazi, mwanetu wa miaka mitatu yuko kituo cha maana sana hapa Sekei. Mwezi ujao ana mahafali: joho, kofia, ukumbi, keki, picha. Mchango laki moja na nusu. Kiingereza anaongea kama maji. Ila bibi yake wa Nkoaranga amekuja, mtoto hakuweza kumsalimia, bibi akalia. Tena kituo kinatushawishi mwakani alale hukohuko. Tukubali?*
*Mhitimu Mtarajiwa, Sekei*

Hongereni kwa shahada. Mtoto amehitimu katika fani gani, kuvaa viatu? Kama ni hiyo, na amefaulu cha kushoto na cha kulia, nitachangia keki.

Kituo cha mtoto wa miaka mitatu kina kazi yake: acheze, aimbe, alale mchana, aende chooni mwenyewe, ajifunze kugombana na kupatana. Kikizifanya hizo vizuri, kinastahili ada yenu, na mtoto asiye na wenzake nyumbani atakipenda kuliko kukaa na dada na runinga. Joho halimo katika kazi hizo. Waambieni mtachangia ndoo za mchanga.

Kulala hukohuko, hapana. Machi 2023 Serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa kuanzia darasa la awali hadi la nne. Kama wa darasa la nne haruhusiwi, wa miaka mitatu mnampeleka kwa kibali gani? Badala yake mrudisheni Nkoaranga likizo nzima, akalelewe na bibi kwa Kimeru. Huko hakuna ada, na bibi hataki picha ya joho.

*

*Shikamoo Shangazi. Natokea Singida, nafanya kazi za ndani Sakina mwaka wa tatu. Mtoto wa bosi nimemlea tangu ana miezi minne. Sasa anaongea, na mimi ndiye anayeniita mama. Bosi amenuna, anasema nimemfanyia mtoto dawa. Mimi nina wa kwangu wa miaka mitano, yuko na mama yangu kijijini. Nikienda Krismasi ananiita dada, kama anavyowasikia wadogo zangu. Nibaki au nirudi? Na wa kwangu nimwache na nani?*
*Dada, Sakina*

Marahaba binti yangu. Barua nne zilizotangulia ziliuliza nani abaki na mtoto. Jibu kila mara lilikuwa wewe, au mtu kama wewe, na hakuna aliyeuliza wa kwako anabaki na nani. Nami nilikuwa nimeshazijibu zote nne kabla barua yako haijanikumbusha.

Kwanza kwa bosi wako. Mama, mtoto hajafanyiwa dawa. Amemwita mama anayemwogesha. Ukitaka jina lako, chukua beseni la jioni uogeshe wewe, kila siku, simu ukiiacha sebuleni. Na ushukuru: mtoto asiyempenda dada wake ndiye wa kukunyima usingizi.

Kwako wewe. Mwanao ametimiza umri wa darasa la awali, na tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia awali. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano hahitaji dei kea. Anahitaji shule iliyo karibu, na mtu wa kumpokea saa sita mchana. Mwombe bosi mambo mawili, moja baada ya jingine. Omba siku zako 28 zenye malipo, mwezi unaoutaka wewe. Ukirudi, omba uje na mwanao, asome shule ya msingi ya hapo karibu, na mchana awe mwenza wa huyo mdogo. Mwanamke aliyekuwa na mlezi mmoja kwa miaka mitatu hapa Arusha anajua anapoteza nini ukiondoka. Usiombe kama mtu anayeomba chumvi.

Akikataa, una kazi mkononi. Vituo vinatafuta mikono iliyolea kichanga mpaka kikaongea. Chuo cha Ustawi wa Jamii kina kampasi Kisangara, wilayani Mwanga, wanakofundisha malezi ya watoto wadogo. Anza kuulizia vigezo vyao sasa, ukiwa bado una mshahara.

*

Wiki ijayo napokea barua za akina baba peke yao. Mziandike wenyewe, msimpe dada.