Jinsi ya Kuufilisi Udongo Ukabaki na Heshima

Kama unakaa Dar es Salaam au Bagamoyo, nusu ya kazi umeshafanyiwa na kichanga. Maji unayomwagilia mchicha asubuhi hayakai. Yanazama na kuondoka na naitrojeni. Kilichobaki ni kuhakikisha kichanga hicho hakipati kitu cha kukisaidia kushika unyevu.

Anza na fagio la chelewa. Fagia majani yote ya mwembe, hata lile linaloanguka ukiwa bado umeinama, mpaka uwanja ubaki na michirizi ya kupendeza. Kisha choma, moshi ukielekea kwa jirani aliyeanika nguo. Yangetandazwa kwenye tuta, majani hayo yangezuia jua, na nyungunyungu wangeyala taratibu mpaka yakawa mboji. Lakini wageni wakiyaona uwanjani watasemaje?

Machicha ya nazi, maganda ya ndizi na makapi ya chai, funga yote mfukoni umpe mzoa taka, umlipe. Jumamosi nenda kanunue kiroba cha samadi. Unalipa chakula cha udongo kitoke, unalipa tena kirudi.

Mbolea ya kuku ichague mbichi. Ukifungua kiroba macho yakachoza, hiyo ndiyo yenyewe. Miche ya nyanya itababuka kama imepigwa pasi. Kuna watu wavumilivu ambao huilundika pamoja na majani makavu, wakainyunyizia maji na kuigeuza. Lundo likipatiwa sawasawa hupanda mpaka nyuzi 60 kwa ndani, mbegu za magugu zikafa, na baada ya miezi kadhaa wanachota kitu cheusi, tifutifu, kisichonuka tena kuku. Wewe miezi hiyo huna.

Maranda ya fundi seremala yafukie hivyo hivyo, makavu. Vijidudu vinavyoyaozesha vitaikopa naitrojeni ya tuta zima, na kulipa ni mpaka vitakapomaliza kula. (Yakitandazwa juu tu, deni hilo huwa dogo. Usimwambie mtu.)

Majivu mwaga ndoo nzima mahali pamoja. Kiganja kimoja kingeongeza potasiamu na kupunguza tindikali, lakini kwako, ukichimba kidogo tu unagonga tumbawe, tindikali yenyewe iko wapi? Ongeza chokaa juu ya chokaa. Majani machanga yatageuka njano, mishipa ikibaki kijani, kwa sababu mmea haupati tena madini ya chuma. Hapo sema umepigwa jicho, na umtazame yule jirani wa nguo.

Kunde usipande kabisa. Vinundu vya mizizi yake hufuga bakteria wanaochukua naitrojeni hewani bure, bila risiti, na biashara ya viroba haiwezi kwenda hivyo.

Masika yakikaribia, acha tuta uchi. Mvua ya kwanza itabeba kilichosalia mpaka mtaroni. Pakikataa kuota kitu, tandika vitofali vya saruji. Bei kubaliana na fundi kabla hajashusha mchanga, maana huo nao atakuuzia.